Paul Robeson: Staa aliyeigiza filamu moja, ikatoka nyingine

Mtajie mtu wa Kitale jina la Kapenguria na atakukumbusha kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake, iliyosikizwa kati ya Desemba 1952 na Aprili 1953. Wanachojua wachache ni kuwa takriban miaka 18 kabla ya kesi hiyo, Kenyatta alikuwa London, mfuko umetoboka, akapata kibarua cha kujaza umati kwenye filamu. Staa wa filamu hiyo alikuwa Mmarekani mweusi, Paul Robeson. Yaliyomkuta Robeson yanamhusu kila kijana wa Kitale na Bungoma anayeota kuingia kwenye filamu.

Robeson alizaliwa Aprili 9, 1898 mjini Princeton, Marekani. Babake alikuwa mtumwa aliyetoroka akiwa kijana, akasoma na kuwa mhubiri. Mtoto naye hakuwa wa mchezo. Alipata ufadhili wa kusoma Chuo cha Rutgers, akawa miongoni mwa wanafunzi bora darasani na moto wa kuotea mbali katika kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1923 alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kazi ya uwakili haikudumu. Katibu mzungu alikataa kumwandikia barua kwa sababu ya rangi yake, naye akaamua kuondoka.

Sauti yake nzito ndiyo iliyompa mkate. Mwaka 1928 aliimba London katika mchezo wa Show Boat, na 1930 akaigiza Othello kwenye jukwaa la jiji hilo hilo. Huko London ndiko alikokutana na Waafrika wengi, akajiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika. Mojawapo ya lugha alizojifunza ni hiki hiki Kiswahili chetu.

Basi ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, walipomletea kazi ya filamu iitwayo Sanders of the River, hakusita. Zoltan alikuwa amezunguka Afrika kwa miezi kadhaa akirekodi ngoma, nyimbo na sherehe. Robeson alipoona na kusikia yaliyorekodiwa, aliamini kwamba hatimaye dunia ingeona utamaduni wa Mwafrika ukiheshimiwa. Akapewa nafasi ya chifu Bosambo.

Yeye mwenyewe hakukanyaga Afrika kwa kazi hiyo. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa kwenye studio ya Shepperton, karibu na London. Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza waliitwa kujaza umati, na Kenyatta akawa mmoja wao.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza kwa makini. Filamu haiishi siku kamera inapozimwa. Baada ya kushuti kuna chumba cha uhariri, ambako picha hukatwa, hupangwa upya na kuongezwa nyingine. Anayeamua huko ni mwenye pesa na mwenye filamu. Mwigizaji, hata awe staa kiasi gani, kwa kawaida hana lake huko, labda mkataba useme vingine. Mkataba wa Robeson haukumpa neno la mwisho.

Filamu ilipotolewa London mwaka 1935, ilikuwa imegeuka wimbo wa kumsifu mkoloni. Afisa mzungu ndiye shujaa, na Bosambo ni mtiifu wake. Ngoma alizozipenda Robeson zilibaki kuwa mapambo. Iliuza sana, lakini Waafrika na Wamarekani weusi wengi walimlaumu yeye, kwa sababu uso uliokuwa kwenye mabango ulikuwa wake. Robeson aliikana filamu hiyo. Lakini kuikana si kuirudisha.

Funzo lilimwingia. Kwa filamu ya Song of Freedom, iliyotoka 1936, alidai haki ya kuidhinisha filamu ikiwa imekamilika, na akapewa. Baadaye aliigiza The Proud Valley, kuhusu wachimbaji makaa wa Wales. Mwaka 1942, baada ya kuvunjwa moyo na filamu nyingine ya Hollywood, aliachana kabisa na sinema.

Msimamo wake dhidi ya ubaguzi na ukoloni ulimgharimu pia. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, na milango ya kumbi nyingi ikafungwa. Alirudishiwa 1958, lakini miaka yake mizuri ya kuimba ilikuwa imepita. Alifariki Januari 23, 1976 akiwa na umri wa miaka 77. Wakati huo yule kijana wa kujaza umati alikuwa Rais wa Kenya.

Leo simu tu inatosha kushuti filamu mjini Kitale na kuitoa kwenye intaneti kabla jua halijatua. Kwa hivyo, prodyuza akikuita, usiulize malipo peke yake. Uliza pia nani atakayekuwa na neno la mwisho kwenye uhariri, filamu itatolewa wapi, na je, utaiona kabla haijatoka? Kisha hakikisha majibu yameandikwa kabla hujatia sahihi. Sanders of the River bado inatazamwa hadi leo, na sura ya Robeson imo mle mle.