Maisha ya Bibi Lucille Ball
Hapa kwetu Cibitoke tunacheka mbele ya televisheni bila kuuliza nani aliamua mchezo uwe hivyo. Lucille Ball alizaliwa Jamestown, Marekani, mwaka 1911. Wakubwa wa CBS hawakumtaka mumewe, Desi Arnaz, awe mume wake mchezoni, maana alikuwa Mkuba. Basi mwaka 1950 wakazunguka majukwaani pamoja, na watu wakawapenda. Mchezo ukaanza 1951. Walikubali kupunguziwa mshahara ili upigwe kwa filamu, na filamu ziwe mali yao. Nadhani hapo ndipo walipowashinda wakubwa. Mwaka 1955 mgeni alikuwa William Holden, nyota wa sinema. Lucy alipowashiwa sigara, pua yake ya bandia ikashika moto! Alifariki mwaka 1989.