Mama Ann Lee na Watu Waliocheza Mbele za Mungu

Katika mwaka 1736, mjini Manchester katika nchi ya Uingereza, mhunzi mmoja maskini alipata binti, akamwita Ann. Binti huyu hakujua kusoma wala kuandika maisha yake yote. Tangu utoto alitumwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba.

Mwaka 1758 alijiunga na kikundi kidogo cha wacha Mungu. Hao walipokutana walikaa kimya kwanza. Kisha, wakiamini kwamba Roho amewashukia, walitetemeka, wakaimba, wakarukaruka na kuzunguka. Ndiyo sababu wakaitwa Shakers, yaani Watetemekao.

Ann aliolewa, akazaa watoto wanne, na wote wanne wakafa wangali wadogo. Katika huzuni hiyo alizidi kuomba, hata wenziwe wakamfanya kiongozi wao, wakamwita Mama Ann. Aliwafundisha wasioe wala wasiolewe, bali waume kwa wake wakae kama ndugu.

Wenyeji hawakupendezwa na ibada ile ya makelele, na Ann akatiwa gerezani. Basi mwaka 1774 alipanda merikebu pamoja na wenzake wanane, wakavuka bahari mpaka Marekani. Huko Niskayuna, karibu na mji wa Albany, walifyeka msitu wakalima. Lakini vita vya Wamarekani na Waingereza vilikuwa vimekwisha kuanza. Watu hawa walikataa kushika silaha, na kwa kuwa walitoka Uingereza wakashukiwa kuwa wasaliti. Mwaka 1780 Mama Ann akafungwa tena.

Alipofunguliwa alisafiri kuhubiri, tangu 1781 hata 1783. Wengi walimwamini, wengine walikusanyika kwa fujo, wakampiga yeye na wafuasi wake. Hakuiacha kazi yake. Akafa tarehe 8 Septemba 1784, mwenye umri wa miaka 48.

Wakati wake kila mtu alicheza kama alivyosukumwa moyoni. Baada yake Joseph Meacham aliiwekea ibada utaratibu: waume safu zao, wake safu zao, wote wakienda kwa hatua moja. Hawakupiga ngoma wala kinanda. Sauti za waimbaji ndizo zilizoongoza miguu. Wageni walikuja kutazama, na wengine wakacheka. Lakini mifagio, mbegu na viti vya watu hao walivinunua kwa furaha, maana vilifanywa kwa uaminifu.

Kwa kuwa hawakuzaa watoto, hesabu yao ilipungua, wakabaki wazee, na kucheza kukakoma. Lakini nyumba yao ya ibada ya Sabbathday Lake, katika jimbo la Maine, iliyojengwa mwaka 1794, ingali imesimama. Ukumbini mwake hamna nguzo hata moja, kwa maana waliojenga walitaka watu wote wapate nafasi ya kucheza pamoja.