Otto Lilienthal: Mtu Aliyepima Kabla ya Kuruka

Walimu wengi wafundishapo habari za ndege huanza na Wilbur na Orville Wright wa Marekani, walioruka kwa chombo chenye injini tarehe 17 Desemba, 1903. Mwanzo huo humfanya mtoto adhani kwamba ndege ilibuniwa kwa siku moja. Ni afadhali aanze na Mjerumani Otto Lilienthal, ambaye hatua za uchunguzi wake zaweza kufuatwa moja baada ya nyingine.

Lilienthal alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Anklam, Pomerania. Yeye na mdogo wake Gustav walizoea kuwatazama korongo weupe wakipaa. (Korongo wa aina hiyo hukimbia baridi ya Ulaya, na wengine hufika hata Afrika Mashariki, mwanachuo asisite kuwaonyesha wanafunzi wake.) Wangali watoto walijifunga mabawa ya mbao wakajaribu kuruka, lakini hawakupaa. Baadaye Otto alisomea uhandisi Berlin, akafungua kiwanda cha mitambo ya mvuke.

Kazi yake iliyo muhimu kwetu ni ile ya kupima. Ndugu hao walisimamisha mhimili wenye mikono miwili, iliyozungushwa kwa mawe ya uzito yaliyokuwa yakishuka. Katika ncha za mikono walifunga vipande vya bawa, wakapima hewa ilivisukuma juu kwa nguvu kiasi gani, wakibadili mwinamo kidogo kidogo. Waligundua kwamba bawa lililopinda kidogo, mfano wa bawa la ndege hai, huinuliwa kwa nguvu zaidi kuliko lililo bapa. Chombo hicho hakihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kukiiga kwa fito, uzi na karatasi ngumu. Matokeo yote Otto aliyachapisha kitabuni mwaka 1889, pamoja na michoro.

Ndipo alipothubutu kuruka. Mwaka 1891 aliruka karibu na kijiji cha Derwitz, akining'inia kwa mikono katika mabawa ya fito na kitambaa cha pamba, yasiyo na injini. Mwaka 1894 alijenga kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, chenye kimo cha meta 15. Katika vilima vya Rhinow alifikia umbali wa meta 250. Kwa jumla inakadiriwa aliruka mara 2,000 hivi.

Udhaifu ulikuwa katika uongozaji, kwani aliongoza chombo kwa kuyumbisha mwili na miguu tu. Tarehe 9 Agosti, 1896, karibu na Stölln, chombo kilipoteza mwendo hewani, naye akaanguka kutoka kimo cha meta 15 hivi, akavunjika uti wa mgongo. Alifariki kesho yake mjini Berlin, mwenye umri wa miaka 48.

Habari za kifo hicho ziliamsha hamu ya akina Wright. Walitumia majedwali yake, lakini vyombo vyao vya mwaka 1900 na 1901 havikuinuka kama hesabu zilivyotabiri. Wakamshuku marehemu. Mwishoni mwa mwaka 1901 walitengeneza sanduku la kupitishia upepo, wakapima mabawa madogo ya maumbo mengi. Wakakuta hesabu za Lilienthal zilikaribia sana kuwa sahihi. Kosa kubwa lilikuwa katika kipimo cha kanieneo ya hewa, ambacho wahandisi walikuwa wamerithishana tangu karne ya 18.