Amma Aliyehudumu Kitandani

Wiki hii nawaletea maisha ya Amy Carmichael. Hapa Lowarengak tuna akina mama wanaoumwa mgongo na viungo mwaka hadi mwaka, na wengine wamechoka kuulizwa imani yao iko wapi.

Amy alizaliwa Ireland tarehe 16 Desemba 1867. Tangu ujana alisumbuliwa na maumivu ya neva, yanamlaza wiki nzima. Hata hivyo alienda Japani mwaka 1893, kisha India 1895, na hakurudi kwao tena. Kule Dohnavur aliwalea mabinti waliookolewa wasitolewe kutumikia mahekalu. Wakamwita Amma, yaani mama.

Tarehe 24 Oktoba 1931 alitumbukia shimoni, akavunjika mguu. Watu waliomba sana. Maumivu hayakuondoka, na karibu miaka 20 iliyobaki aliishi zaidi chumbani mwake.

Mimi nilisomea biashara. Kwa hesabu ile, mtu asiyetoka kitandani ni gharama tu. Na mgonjwa hujipigia hesabu hiyo hiyo usiku: nawachosha watoto, sina faida, labda Mungu amenikasirikia. Hapo uchungu wa mwili unazaa uchungu wa moyo, na moyo ukilemewa, mwili nao unauma zaidi.

Amma aliona kwamba maneno ya faraja kutoka kwa watu wazima wa afya mara nyingi hayamfikii mgonjwa. Basi akawaandikia wagonjwa wenzake, na mwaka 1933 barua hizo zikawa kitabu, Rose from Brier. Vitabu zaidi ya kumi vilitoka kitandani pale. Alilala katika Bwana tarehe 18 Januari 1951.

Je, huyu alikosa imani? Hapana. Hata Paulo aliomba mara tatu, mwiba ukabaki.

Tutaendelea kuombea uponyaji, hatuachi. Lakini ukimtembelea mama mwenye maumivu, usianze na mahubiri. Mchotee maji, keti, msikilize. Usimwambie aache dawa. Akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake; tuite sisi wachungaji, twende naye hospitali.

Na wewe mama unayesoma ukiwa umelala, wewe si mzigo. Leo mwombee mtu mmoja kwa jina. Hiyo ni huduma, na mbinguni inahesabiwa. Amina.