Luc Gillon, padri aliyejenga kinu cha nyuklia Kongo

Mwaka 1954, Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo, haikuwa na chuo kikuu. Mwaka huo Monsinyori Luc Gillon, padri Mbelgiji na mwanafizikia wa nyuklia, alianza kuongoza Lovanium mjini Leopoldville, chuo kilichopokea pia vijana wa Ruanda-Urundi. Urani ya Shinkolobwe ilikuwa imekwishachimbwa na kupelekwa Marekani kuundia mabomu. Gillon alitaka elimu yake, angalau, ibaki Kongo. Mwaka 1959 kinu cha utafiti TRICO I, cha kwanza barani Afrika, kikawashwa. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu. Aliacha urekta 1967. TRICO II, chenye kilowati 1,000, kilianza 1972. Gillon alifariki 1998. Kinu kilizimwa 2004.