Luigi Broglio: Profesa aliyepima hewa kwa kilele cha obiti

KWA mkazi wa Moshi, neno Uhuru lina maana mbili zinazokwenda pamoja: uhuru wa nchi, na kilele cha Kilimanjaro ulikowashwa Mwenge usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Wachache wanafahamu kuwa ipo Uhuru nyingine, iliyokuwa ikipita karibu na utosi wa mlima huo kuanzia Desemba 1970, kilomita zipatazo 550 juu ya ardhi, yaani zaidi ya mara 90 ya kimo cha mlima wenyewe. Uhuru hiyo ilikuwa setilaiti. Mtu aliyewezesha irushwe kutoka Afrika Mashariki ni Profesa Luigi Broglio wa Italia, aliyefariki dunia Roma Januari 14, 2001, akiwa na umri wa miaka 89.

Broglio alizaliwa Mestre, jirani na Venice, Novemba 11, 1911. Alisomea uhandisi Roma, akalitumikia jeshi la anga, na katika miaka ya 1950 akaongoza shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma. Nchi yake haikuwa na roketi ya kufikisha kitu kwenye obiti. Mwaka 1962 Italia ikaafikiana na Marekani: Wamarekani watoe roketi aina ya Scout, Waitalia watengeneze setilaiti na kuirusha kwa mikono yao. Ya kwanza, San Marco 1, waliirusha kutoka Virginia, Marekani, Desemba 15, 1964.

Lakini Broglio aliitaka Ikweta. Kaskazini mwa Malindi, katika ghuba ya Ungwana, alisimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini, moja la kurushia na jingine la kuongozea. Ukichora mstari kwenye ramani kutoka hapo kwenda magharibi moja kwa moja, baada ya kilomita zaidi ya 300 utagusa miteremko ya kaskazini ya Kilimanjaro, upande wa Rongai. Kwenye latitudo hiyo dunia huzunguka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huupata msukumo huo bila gharama.

Alichokuwa akikitafuta huko juu ni hewa. Anayepanda mlima kutoka Marangu anajua jinsi inavyopungua. Kileleni shinikizo lake ni karibu nusu ya lile la pwani. Hata hivyo hewa haiishi ghafla. Kilomita 200 juu bado ipo, nyepesi mno, lakini inatosha kukikwamisha chombo kinachokwenda karibu kilomita 8 kwa sekunde. Asiyejua kiasi chake hawezi kusema setilaiti yake itadumu wiki au miaka.

San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaani Aprili 26, 1967. Obiti yake ilikuwa ya umbo la yai, na kilele chake kilipatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Kwa kanuni ya Kepler, muda wa mzunguko mmoja hutoa urefu wa obiti. Setilaiti hiyo ilizunguka dunia kwa dakika 94 hivi, muda unaolingana na obiti yenye urefu wa kilomita zipatazo 13,716 kutoka ncha hadi ncha. Toa kipenyo cha dunia, kilomita 12,756, zinabaki 960. Toa kimo cha sehemu ya chini kabisa, kilomita 220 hivi, unapata kilele: 740.

Utamu wa hesabu hiyo ni kuirudia siku baada ya siku. Hewa huikwamisha setilaiti pale inaposhuka chini, lakini kinachopungua haraka ni kile kilele cha upande wa pili. Muda wa mzunguko nao hufupika. Kwa hiyo anayefuatilia kilele anaisoma hewa ya chini. Broglio hakutosheka na wastani huo. Alibuni mizani iliyofungwa ndani ya setilaiti: ganda jepesi la nje, lenye kipenyo cha sentimita 66, liliunganishwa kwa springi na kiini kizito, na ganda liliposukumwa na hewa, mizani ilisoma nguvu hiyo papo hapo. San Marco 2 iliendelea kushuka, na Oktoba 1967 ikaangukia kwenye anga nzito na kuteketea.

Uhuru ilifuata Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo sababu ya jina lake. Ilikuwa ya kwanza kujengwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, na mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2002. Si haba kwa neno la Kiswahili kukaa katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote.

Kati ya 1967 na 1988 jukwaa hilo lilirusha setilaiti 9. Ya mwisho, iliyoondoka Machi 25, 1988, ilikuwa San Marco nyingine, nayo ilibeba mizani ya Broglio. Kituo cha nchi kavu kilichoko Ngomeni, ufukoni mkabala na majukwaa hayo, kilipewa jina lake.