Mkusanya Watu wa Luanza

Mimi ni mtoto wa Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Kwetu mtumbwi usiporudi, hakuna alalaye. Taa huwashwa ufukoni, na wavuvi huingia tena majini kumtafuta mwenzao, ijapokuwa wamechoka na dagaa wao, waitwao chisense, hawajaanikwa. Wala hakuna aulizaye kama aliyepotea ni mtu mwema au mbaya. Kwa hiyo niliposikia habari za Dan Crawford, aliyefia Luanza, ng'ambo ya ziwa katika nchi ya Kongo, nilizielewa upesi.

Crawford alizaliwa Gourock, Uskoti, mwaka 1870. Mwaka 1889, akiwa kijana wa miaka 18, alifuatana na Frederick Stanley Arnot kuja Afrika. Hakuwa na mshahara, kwa maana wamisionari wa Brethren walimtegemea Mungu kwa riziki yao. Waliingia kwa upande wa Angola, wakaishika njia ileile ambayo watumwa waliswagwa kwenda baharini. Mwisho wa njia hiyo ulikuwa Bunkeya, mji wa Msiri.

Huyu Msiri asili yake ilikuwa Unyamwezi. Alikuja Katanga kwa biashara ya shaba na pembe, akawa mfalme mwenye nguvu nyingi. Lakini watu pia waliuzwa katika mji wake kama bidhaa. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuitwaa nchi kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Basi mji ukavunjika, na njaa ikaingia. Watu waliokuwa wametekwa makwao miaka mingi nyuma hawakuwa na bwana tena, wala hawakujua njia ya kurudi.

Crawford alikuwa amekusudia kwenda kijiji hata kijiji akiwatafuta watu. Kumbe watu ndio waliomfuata yeye, wa makabila mbalimbali, hata wakampa jina la Konga Vantu, yaani Mkusanya Watu. Sisi tusemao Kiswahili, tukilikumbuka neno kongamano, jina hilo si geni masikioni mwetu.

Hapo nilipata swali. Katika Luka 15 mchungaji huwaacha kondoo 99 akamtafute mmoja, naye kondoo hubebwa tu mabegani. Lakini watu wa Bunkeya walikuja kwa miguu yao wenyewe. Je, ni nani aliyemtafuta mwenzake? Nimewaza sana, nami naona hivi: aliyepotea hawezi kumwendea mtu asiyekuwapo. Crawford alitembea kwanza kutoka baharini hata Bunkeya. Wao wakamalizia hatua zilizobaki.

Aliwapeleka Luanza, juu ya magenge yanayolitazama ziwa. Mwaka 1896 alimwoa Grace Tilsley, nao wakakaa hapo. Alifundisha, na akatumia miaka mingi kuitafsiri Biblia katika Kiluba-Sanga. Hakuiona Uingereza kwa miaka 22, hata mwaka 1911. Mwaka 1912 kitabu chake Thinking Black kilitoka, akiwataka Wazungu wajifunze kufikiri kama Waafrika wanavyofikiri. Kitabu hicho kina maneno ambayo leo tungeyakataa, kwani naye alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini alirudi Luanza, hakukaa huko alikosifiwa. Mwaka 1926 alipata jeraha dogo mkononi, akalipuuza. Sumu ikaingia damuni, akafa tarehe 3 Juni.

Sasa nina neno la aibu. Muhula uliopita mwenzetu mmoja hakurudi darasani. Tulisikia kwamba yuko kambi ya wavuvi akivuta nyavu za watu. Tuliligawa dawati lake, tukaendelea na hesabu. Mimi nilikuwa rafiki yake, nami nilisema moyoni kwamba akitaka shule njia anaijua.

Watu wa kwetu wasingesema hivyo juu ya mtumbwi. Basi likizo hii nitakwenda kambini. Huenda atakataa kurudi, wala sitamlazimisha. Lakini asije akasema kwamba hapakuwa na mtu aliyemfuata. Nanyi wenzangu, lihesabuni darasa lenu.